Kumuiga Tembo Bila Kupasuka Msamba

Wahenga walituonya: ukimuiga tembo kunya, utapasuka msamba. Lakini wahenga hawakucheza gemu. Wangecheza, wangekutana na mtu anayemuiga tembo leo, anamuiga kesho, anamuiga mpaka majirani wanaanza kumwekea migomba mlangoni, na asubuhi moja akijitazama kwenye kioo anakuta mkonga umeota.

Katika ngano za The Elder Scrolls jambo hili lina kanuni zake. Wapenzi wa gemu hizo huliita kuvaa joho la mungu. Huibi nguvu zake wala huombi akuteue. Unafanya anayofanya. Unasimama alipokuwa akisimama, unawasaliti aliowasaliti, unacheka palepale alipocheka, mpaka ulimwengu wenyewe, ambao kumbe ni kama karani wa Ijumaa jioni, unaangalia kiti, unaangalia aliyekikalia, unagonga muhuri. Aliyelikoleza zaidi wazo hili ni Michael Kirkbride, mmoja wa waandishi wa Morrowind ya mwaka 2002, katika maandishi aliyoyatoa pembeni, nje ya gemu zenyewe. Tangu hapo kuna watu hawajalala vizuri, na mimi nimo.

Orodha hii nimeipanga na mpwa wangu, ambaye ana miaka 19 na anaamini gemu zilivumbuliwa mwaka 2015. Tuligombana siku tatu. Siku ya kwanza mama yangu alikuwa anapita koridoni akasikia, "Halafu hapo ndipo unakuwa mungu." Akasimama mlangoni, kanga begani.

"Nani anakuwa mungu humu ndani?"

"Ni gemu, bibi."

"Gemu au si gemu, zimeni hilo dude. Magharibi imeingia."

Kwa hiyo tuelewane mapema: miungu wanaosemwa hapa ni wale wanaouzwa kwenye diski.

Mpwa alitaka tupange kwa nguvu, nani anampiga nani. Nikakataa. Tumepanga kwa kiasi mtu alivyomezwa na yule anayemuiga. Ndiyo maana Mannimarco, Mfalme wa Minyoo, hayumo, ingawa kijana alimpigania kwa machozi. Jamaa ni mchawi wa maiti kutoka Daggerfall ya mwaka 1996, gemu yenye miisho kadhaa isiyopatana. Waandishi waliposhindwa kuchagua upi ni wa kweli, wakasema yote ilitokea kwa pamoja, na katika mmojawapo Mannimarco anakuwa mungu. Sawa. Lakini miaka 10 baadaye, kwenye Oblivion, bado yupo pangoni, mtu wa nyama na damu, na mchezaji anamuua kabla chai haijapoa. Huyo hakuiga. Alitolewa fotokopi.

9. Kratos na kiti cha marehemu

Mwaka 2005, kwenye God of War ya kwanza, Kratos alimuua Ares, mungu wa vita, kwa sababu Ares alimlaghai mpaka akaua mke na mtoto wake mwenyewe. Olympus ikabaki na kiti kitupu, akakalishwa. Na tunamkuta akifanya kazi gani God of War II inapofunguka mwaka 2007? Anawasaidia Wasparta kuuteka mji wa Rhodes. Vita vilevile, hasira zilezile, ila anayefoka ni mwingine.

Anashika mkia kwa sababu aliiga bila kujua kwamba anaiga, kama mtoto aliyeapa hatakuwa kama baba yake, halafu siku moja anamsikia baba yake akikohoa ndani ya kifua chake.

"Anko," mpwa akasema, "hiyo inamhusu Kratos au inakuhusu wewe?"

Tuendelee.

8. Barakoa ya Fierce Deity

Majora's Mask ya mwaka 2000 iliifupisha falsafa nzima ikaitia kwenye kitu kimoja cha kuvaa. Link, shujaa wa gemu, ni mtoto. Anazigawa barakoa zake za kawaida zote kwa watoto anaowakuta mwezini, naye anapewa moja. Anaivaa, anapiga ukelele kama mtu anayeng'olewa jino bila ganzi, anarefuka, macho yanakuwa meupe, na bosi wa mwisho anageuka mteremko mtupu. Hakuna unabii, hakuna miaka ya mazoezi. Vaa, kuwa, vua.

Imeingia kwenye orodha kwa ajili ya ukelele ule tu. Wengi humu wanakuwa miungu huku muziki wa kwaya unapanda. Yule mtoto analia.

7. Cayden Cailean, mtahiniwa mlevi

Katika dunia ya Pathfinder kuna mji uitwao Absalom, na katikati ya Absalom kuna jiwe, Starstone, ambalo mtu aitwaye Aroden alilinyanyua kutoka chini ya bahari akawa mungu. Jiwe limezungushiwa kanisa kubwa, na kanisa limezungushiwa shimo lisilo na mwisho. Tangu hapo kila mwenye tamaa na upanga mpya anakwenda kurudia alichofanya Aroden. Waliofaulu baada yake wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vingine vinabaki.

Mmoja ni Iomedae, knighti mnyoofu aliyemfuata Aroden hatua kwa hatua, akawa mjumbe wake, na Aroden alipokufa akawarithi waumini. Huyo ndiye mwigaji halisi, yule anayekaa dawati la mbele na rula. Mwingine ni Cayden Cailean, askari wa kukodiwa aliyeingia kwenye mtihani ule usiku mmoja akiwa amelewa, kwa sababu ya kubishana na wenzake. Alitoka siku tatu baadaye akiwa mungu, hakumbuki hata kidogo alifanya nini humo ndani.

Wote wawili wamepata daraja la kwanza. Ukitaka kujua kwa nini vijana hawaamini tena ushauri wa walimu, anzia hapo.

"Ni kama mtu aliyeamka na cheti cha ndoa mfukoni," mpwa akasema. Huyu kijana ana kipaji, tatizo hasomi.

6. Adahn, mtu aliyetokana na uongo

Huyu si mungu. Najua. Mpwa aliandika PINGAMIZI kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi yetu. Lakini bila Adahn huwezi kuelewa kwa nini wale wengine waliwezekana.

Planescape: Torment ilitoka mwaka 1999. Unacheza mtu asiyekufa, asiye na jina, anayeamka juu ya meza ya mochwari akiwa hakumbuki kitu. Mji anaoamkia ni Sigil, na katika dunia ile imani ndiyo saruji: watu wakiamini jambo vya kutosha, linasimama. Sasa watu wanakuuliza jina. Huna. Gemu inakupa nafasi ya kudanganya: sema unaitwa Adahn. Unamdanganya wa kwanza ili akuache upite. Unamdanganya wa pili kwa uvivu. Wa tatu na wa nne unawadanganya kwa mazoea, kama mtu anayejibu "nipo njiani" akiwa bado na taulo kiunoni.

Halafu siku moja unaingia kwenye kilabu cha pombe, kile ambacho ndani yake mtu anawaka moto akielea hewani kama taa ya ukumbini na wateja wanaendelea kunywa. Kuna jamaa amekaa. Unamuuliza jina lake.

Adahn.

Hakuna tarumbeta. Hakuna ujumbe wa hongera wala nyota inayong'aa pembeni. Gemu imekaa kimya tu kama mama aliyekuona unaiba sukari na anasubiri uone kwamba amekuona. Mimi nilitoka nje kupunga upepo. Nilikuwa nimemzaa mtu kwa kukwepa maswali.

Nikamwambia mpwa: kama uongo wa kivivu uliorudiwa mara kadhaa unaweza kutoa mtu mzima na kiti chake kilabuni, fikiria uongo unaorudiwa na taifa zima kwa miaka mia mbili. Akafuta PINGAMIZI akaandika "TUTAONA".

5. Gwyn na wote waliokaa motoni kwake

Gwyn, bwana wa mwanga wa jua katika Dark Souls (2011), alipoona moto wa dunia unafifia alijifanya kuni mwenyewe. Wewe unatoka gerezani ukiwa mfu, unatukanwa na kila jitu njiani, unamfikia, unamuua. Ukitaka, unasimama palepale alipokuwa na unashika moto. Hujapewa taji. Hujapewa hata koti lake. Umekuwa yeye kwa njia moja tu: unaungua mahali pake.

Lakini mchezo wenyewe umo kwenye Dark Souls III, mwaka 2016. Bosi wa mwisho, Soul of Cinder, ni mkusanyiko wa wote waliowahi kujitia motoni. Anaanza kwa upanga. Anabadili, anarusha moto. Anabadili, ameshika fimbo ya uchawi. Anabadili tena, mkuki. Mpwa alikuwa amekaa sakafuni, pedi mkononi, akapiga kelele: "Anko, huyu anacheza kama mimi!"

Ndivyo ilivyokusudiwa. Anacheza kama wewe, kama mimi, kama kila aliyewahi kutumia saa zake pale. Ukimmaliza anainuka tena. Muziki unapungua, zinasikika nota chache za piano, na mwenye kumbukumbu anahisi baridi mgongoni: ni wimbo wa Gwyn wa gemu ya kwanza. Na mapigo yanayofuata ni ya Gwyn. Sote tuliomrithi tulikuwa tumegandana hadi tukawa yeye.

Kijana alikufa mara 11. Ya 12 akashinda, akaweka pedi chini kwa adabu.

4. Ukoo wa Mystra: kupanda dari na kuvuta ngazi

Hapa ndipo msamba ulipopasuka kweli.

Katika Forgotten Realms, zamani sana kabla ya visa vya Baldur's Gate, palikuwa na dola ya Netheril. Wachawi wake walikata vilele vya milima, wakavipindua, wakajenga miji juu yake ikielea angani. Aliyewazidi wote ni Karsus. Dola ilikuwa inashambuliwa, naye akapiga hesabu: mungu wa uchawi, Mystryl, anaweza kila kitu; basi mimi niwe Mystryl. Akatunga uchawi mmoja wa kulichukua joho lake. Ukafanya kazi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo. Kazi ya Mystryl ilikuwa kuutengeneza mtando wa uchawi bila kupumzika hata nukta moja, na Karsus alichukua cheo bila kuuliza majukumu. Mtando ukaanza kuchanika. Mystryl akajitoa uhai ili kuukata uzi baina yao, uchawi ukazimika kwa muda, na miji inayoelea ikakumbuka kwamba ni mawe. Karsus akageuka jiwe pia.

Mungu mpya wa uchawi alipozaliwa upya kwa jina la Mystra akapiga marufuku uchawi wa ngazi za juu. Ndiyo sababu mpaka leo uchawi wa Dungeons & Dragons unaishia ngazi ya 9. Mwanafunzi mmoja kachezea gesi maabara, shule nzima inasoma kemia kwa michoro ubaoni.

Mystra naye akafa, mwaka 1358 wa kalenda ya huko, miungu walipofukuzwa makwao na kulazimishwa kutembea ardhini kama sisi. Kiti kikachukuliwa na mchawi binadamu aitwaye Midnight. Na huyu hakufanya kosa la Karsus. Aliliacha jina lake mlangoni. Akajiita Mystra, ili waumini wasihangaike kubadili sala. Katika orodha nzima sijaona uamuzi wa kiutawala wenye akili kuliko huo, wala wenye huzuni kuliko huo. Midnight hakupata hata matanga.

Sasa ruka mpaka Baldur's Gate 3, mwaka 2023. Gale wa Waterdeep, mchawi mwenye maneno mengi na ndevu zilizochongwa, alikuwa mpenzi wa Mystra. Akataka kumfurahisha kwa kumletea kipande cha uchawi uliopotea wa Netheril. Kipande kikamwingia kifuani, na sasa lazima alishwe vitu vya kichawi la sivyo atalipuka.

"Alikula pete yangu," mpwa akasema. Miaka miwili imepita, bado hajasamehe.

Baadaye Gale anagundua kwamba taji la Karsus bado lipo, na tamaa inamshika: alitengeneze, alivae, awe mungu. Mystra anamkataza, kwa sauti ya mzazi aliyekuwa mtakatifu tangu kuzaliwa. Hapo nilisimamisha gemu nikamweleza mpwa kwamba huyo anayekataza naye alianza kama binadamu mwenye begi la vitabu. Kapanda dari, kavuta ngazi.

Ukimwachia Gale afanikiwe, anakuja kwenye sherehe ya mwisho akiwa mungu wa kutafuta makuu, anametameta, anazungumzia fursa na upeo. Rafiki yetu aliyekuwa anapika uji kambini hayupo.

"Anko, anaongea kama wale wanaokuita semina hotelini halafu wanakuuzia dawa ya meno."

3. Talos, watu watatu kwenye jina moja

Umewahi kufika mji wa Whiterun? Basi umeshamsikia. Skyrim ilitoka Novemba 2011, na tangu siku hiyo kuna mtu anaitwa Heimskr amesimama mbele ya sanamu ya Talos, mikono juu, anahubiri maneno yaleyale, jua likiwaka na theluji ikianguka. Aliyewahi kusubiri basi stendi asubuhi anamjua kwa sauti. Anachohubiri ni kwamba binadamu aliweza kuwa mungu. Wanachokumbuka wachezaji ni hamu ya kutaka anyamaze.

Simulizi rasmi ni fupi: Tiber Septim, mfalme shujaa wa watu wa kaskazini, aliliunganisha bara la Tamriel, akafa, akapanda kuwa mungu wa tisa. Lakini ndani ya gemu hizohizo kuna kitabu kinachoeleza mambo kwa namna ambayo ingefanya uhamiaji waombe vyeti vya kuzaliwa. Kitabu hicho kinasema jina lake la awali lilikuwa Hjalti, na kwamba hakutoka kaskazini bali High Rock. Nguvu ya sauti iliyomfanya aogopwe ilikuwa ya Wulfharth, mfalme wa kale aliyerudi kama mzimu. Na mikakati ilikuwa ya mchawi wake, Zurin Arctus. Mwishoni wanasalitiana, moyo unatolewa, na jitu la shaba liitwalo Numidium linapata nguvu ya kutembea na kuponda miji.

Hapo ndipo wapenzi wa ngano wanapoinuka kwenye viti. Kwa sababu hadithi hiyo ilishatokea. Lorkhan, mungu aliyewashawishi wenzake waiumbe dunia ya waja, alisalitiwa nao na moyo wake ukang'olewa. Tangu hapo kiti chake ki tupu. Mfalme, msaliti, moyo uliotolewa. Kwa usomaji huu, akina Tiber Septim waliirudia ngoma ileile hatua kwa hatua bila kualikwa, na ulimwengu ulipohesabu wachezaji ukaona nafasi ya Lorkhan ina mtu.

Mpwa hakushawishika. "Hayo ni maneno ya watu wasio na kazi." Basi nikampeleka kwenye Oblivion. Kuna ibada inayohitaji damu ya mungu. Si ya mtakatifu, si ya mfalme. Unatumwa Sancre Tor kuchukua vazi la chuma alilovaa Tiber Septim, wanakwangua damu yake iliyokauka juu yake, wanaitia kwenye ibada. Ikakubali. Maabara imetoa majibu, shauri limekwisha.

Kisha, kabla ya visa vya Skyrim, dola ikachoshwa na vita, ikasaini mkataba unaokataza kumwabudu. Watu wakaanza kukamatwa kwa ajili ya Hjalti fulani. Na bado Heimskr hanyamazi.

2. Nerevarine, mwigizaji wa serikali

Morrowind inaanza wewe ukiwa mfungwa kwenye meli. Unashushwa kijiji cha Seyda Neen, unaulizwa jina na nyota ya kuzaliwa, unapewa kifurushi ukipeleke Balmora kwa mzee aitwaye Caius Cosades. Unaufungua mlango wake umetarajia jenerali. Unamkuta kifua wazi, chumba kimoja, kitanda kimoja.

Barua iliyomo kwenye kifurushi imeandikwa kwa mafumbo, na ikifumbuliwa inasema jambo la aibu. Wenyeji wana unabii kwamba shujaa wao Nerevar, aliyeuawa zamani, atarudi akiwa mtu mwingine. Kaizari ameona una sifa zinazofanana na unabii huo. Basi utumike. Hakuna anayekwambia wewe ndiye. Wanakwambia unafaa kuonekana kuwa ndiye.

"Kwa hiyo ni filamu," mpwa akasema.

Ni filamu, na kila pazia linakukabidhi vazi jingine. Unabii unasema maradhi na uzee havitamgusa. Wewe unaambukizwa ugonjwa wa kutisha, unatibiwa nusu nusu na mchawi mzee, ubaya unatoka, kutozeeka kunabaki. Sharti limetimia kwa njia ya zahanati. Unaingia pango la mungu Azura na unakuta mizimu ya waliojaribu kabla yako, wote waliodhani ni Nerevar, wote waliofia njiani. Wanaongea nawe kwa upole wa ajabu. Nilikaa nao muda mrefu kuliko gemu ilivyohitaji. Hawakuwa matapeli, walikuwa waigizaji wenzangu ambao pazia liliwaangukia mapema. Kisha unapewa pete ya Nerevar, ambayo inasemekana humuua asiye yeye. Unaivaa. Hufi.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha kabila la Zainab. Ili chifu wao, Kaushad, akutambue kuwa Nerevarine, anadai umletee mke wa kifahari kutoka ukoo wa Telvanni. Hakuna binti wa Telvanni atakayekubali kuolewa kwenye hema. Suluhisho? Unakwenda kumnunua mtumwa, unamvisha shati, sketi na viatu vya bei mbaya, unamnyunyizia manukato ya wakubwa, unamwongoza kwa miguu nyika nzima huku ukiomba asiliwe na kitu. Chifu anamwona, anaridhika, harusi. Na kwa kuwa umemletea mtu wa kughushi, naye anakutangaza wewe kuwa wa kweli.

Mpwa alicheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akauliza kile ambacho watu wameuliza tangu mwaka 2002: alikuwa Nerevar tangu mwanzo, au alikuwa baada ya kumaliza kuigiza? Gemu haijibu. Azura mwenyewe anazungumza kama mama mkwe, kila neno lina maana mbili.

"Lakini Nerevar si mungu," akakumbuka, akaichukua kalamu nyekundu.

Ni walii. Hekalu lao linamhesabu miongoni mwa mawalii, ana siku zake na maombi yake. Weka kalamu chini.

1. Sheogorath

Mlijua. Anayejua gemu hizi alijua tangu aya ya pili.

Machi 2007 Oblivion ilipata nyongeza iitwayo Shivering Isles. Mlango wa ajabu unatokea kisiwani kwenye ghuba ya Niben. Ndani kuna chumba, meza, na mtu mnyamavu aliyevaa nadhifu, Haskill, msimamizi wa nyumba ya Sheogorath, mwana wa mfalme wa wazimu. Ukikubali kuendelea, kuta zinabomoka vipandevipande, na kila kipande ni kipepeo kinachoruka.

Kuanzia hapo unafanya kazi ndogondogo. Sheogorath anakutuma hapa, anakutuma pale, anabadilika katikati ya sentensi kutoka jibini hadi kukutishia utumbo. Unawaua wasaka hazina waliovamia pango au unawatia wazimu, upendavyo. Unamuua mtawala wa nusu ya kisiwa na kukalia kiti chake. Anakufundisha kumwita Haskill kwa uchawi, naye kila ukimwita bila sababu anachoka zaidi, na wewe unamwita tena, kwa sababu inachekesha. Huoni kitu. Unadhani unakusanya dhahabu. Kumbe unakariri.

Kisha siri inatoka. Sheogorath si Sheogorath. Ni Jyggalag, mungu wa utaratibu, ambaye wenzake walimwogopa wakamlaani awe kile anachokichukia kuliko vyote. Kila mwisho wa enzi anarudi kuwa mwenyewe kwa muda mfupi, anavunja kila kitu, kisha anarudishwa wazimuni. Safari hii anakuachia nyumba. Unaitengeneza fimbo yake kwa jicho la mtu na tawi la mti. Unampiga Jyggalag, anafunguliwa laana, anaondoka zake huru. Kiti ki wazi, na aliyesimama karibu nacho, mwenye fimbo, aliyemzoea Haskill, ni nani?

Haskill hakubishi. Anaanza kukuita bwana wangu kana kwamba ni Jumatatu ya kawaida.

Mpwa alitaka kujua nguvu. Nikamwambia ukweli: nilirudi Cyrodiil, kwenye dunia ya kawaida ya Oblivion, nikiwa mungu wa wazimu, nikaiba kijiko kwenye duka, askari akanikimbilia akadai faini. Nikalipa. Ulimwengu umegonga muhuri lakini taarifa haijafika mikoani.

Miaka minne baadaye nikawa nacheza Skyrim, na mhusika mpya, jina jipya, karne mbili mbele kwa kalenda ya huko. Kwenye mji wa Solitude kuna mzee aliyechanganyikiwa anatafuta bwana wake. Unapewa mfupa wa nyonga wa mfalme mwendawazimu aliyekufa zamani, Pelagius, unaingia nao kwenye sehemu iliyofungwa ya kasri, na ghafla uko ndani ya akili yake: ukungu, miti, silaha zako zimetoweka, umevaa nguo za karamu. Mezani kuna Sheogorath. Ananywa chai, anabwabwaja. Na katikati ya kubwabwaja anagusia kwamba alikuwepo wakati wa ile vurugu yote ya zamani. Anataja vipepeo. Anataja mbweha. Anataja kichwa kilichokatwa.

Nilivijua vile vitu. Mbweha ni wa chama cha wezi. Kichwa ni cha chama cha wauaji, nilikikuta kimewekwa kwenye chumba cha msaliti usiku wa saa nane, nikawasha taa za nyumba nzima. Hayo hakuyasikia. Aliyafanya. Aliyafanya kwa vidole vyangu, kwenye kompyuta ambayo sasa haiwaki, na mimi ndiye niliyempa pua ile ya ajabu na jina la utani la shule. Pua haipo. Jina hakulitaja. Akanikabidhi fimbo, akaniambia nitafute njia ya kutoka, kama anavyomwambia mgeni yeyote.

"Sasa anko," mpwa akasema, na safari hii hakuwa na mzaha, "yule pale ni wewe, au ni yeye?"

Nikafungua mdomo.

"Nyie miungu," mama akaita kutoka jikoni, "wali unapoa."